Kigoda Kilichovuka Ziwa Mara Mbili

Mmeniuliza sana habari za safari yangu ya Kongo, nami nimekuwa nikiwajibu nusu nusu, kwa sababu kila nikianza kusimulia ninainuka kwenda kufunga mlango. Kisha juzi shoga yangu Mwanaidi kaja kutusalimu, kavuta kigoda kilichokuwa ukutani, kakaa, na mama yangu, ambaye hajapaza sauti tangu augue, akapiga kelele utadhani nyumba inaungua. Mwanaidi aliondoka bila kunywa hata maji. Basi nimeamua kuandika, na Mwanaidi awe wa kwanza kusoma.

Mnanijua. Mimi ni mwoga. Naogopa radi, naogopa mbwa wa watu, naogopa hata kuku akirukia dirishani. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na siku zote nilipenda kicheko kije kwetu. Kwa hiyo msinipe sifa nisizostahili. Niliyoyafanya niliyafanya kwa hofu, mwanzo hadi mwisho.

Kutoka Ujiji hadi Bujumbura

Babu yangu mzaa mama, Hamisi, alikuwa fundi seremala hapa hapa Ujiji. Zama za Wabelgiji alisikia kwamba ng'ambo, kwenye bandari ya Kalundu pale Uvira, wanatafutwa mafundi wa mbao, akavuka. Mama yangu, Asha, alikuwa bado mtoto wa kukalishwa kigodani na kulishwa uji. Kigoda chenyewe alikuwa ametengenezewa na baba yake, cha miguu mitatu, na mguu mmoja ulikuwa umevunjika. Siku ya safari babu akakitia katika mzigo wake, akamwambia mwanawe, "Nitakirudisha mguu ukipona."

Hakurudi, na kigoda hakikurudi. Mama akakua na dhihaka hiyo. Watu walimwambia kuna wanaume wanaotoroka na mke wa jirani, lakini baba yako alimwibia mtoto wake kigoda. Alikuwa akicheka nao. Sisi wanawe tulidhani kweli anacheka.

Mwaka huu alipoanguka kitandani ndipo alipotuita, mimi na kaka zangu wawili, akasema, "Kuna kitu kimoja nataka kukijua kabla sijafa. Alikichukua ili anikumbuke, au alikichukua kwa kuwa ni mbao nzuri?"

Redio ilikuwa imekwisha kutuambia ya Kongo: uhuru wao hata miaka mitano haujatimiza, na tayari waasi wameishika Uvira, watu wanakimbia kwa mitumbwi. Kaka mkubwa akasema, "Mama, tungoje kwanza Kongo itulie."

"Mimi nitatulia kabla ya Kongo," mama akajibu.

Tangu siku hiyo kila nilipompelekea uji alikuwa akinitazama mimi tu. Ikafika mahali nikaogopa macho yake kuliko nilivyoogopa bunduki nisizoziona. Nikasema nitakwenda.

Kumbukumbu zote za ukoo wetu zilikuwa kwenye jalada la msahafu wa babu. Jalada lilikuwa limebanduka zamani, na upande wa ndani babu alikuwa ameandika kwa herufi za Kiarabu jina la baba yake, la mama yake, na mwishoni "Asha", herufi ya mwisho akaivuta mkia mrefu hadi ukingoni, kama mtu aliyekuwa na furaha na wino wa kutosha. Mama alinifungia jalada hilo katika khanga nikalivaa kiunoni.

Meli niliyopanda ilikuwa karibu tupu. Zilizotoka upande wa pili zilikuwa zimejaa watu hadi kwenye ngazi. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami, akila mihogo ya kuchoma na kunikaribisha kwa upole, aliniuliza naenda wapi. Nilipomjibu Uvira aliacha kutafuna. Baada ya muda akahamia benchi jingine, akaniachia mihogo yote. Nilikaa na mihogo ile mapajani hadi Bujumbura, nisiweze kumeza hata kipande, maana nilihisi kama ni sadaka ya marehemu.

Kuvuka Ruzizi

Bujumbura nililala kwa jamaa zetu wa mtaa wa Buyenzi, nikakwama pale kwa siku kadhaa kwa sababu njia kuu ya kwenda Uvira ilikuwa imefungwa. Jamaa walinisihi nirudi. Ningerudi pia, lakini sokoni nilikutana na Mama Anastazia.

Huyu alikuwa mkulima wa Kiringye, kijiji cha upande wa Kongo katika bonde la Ruzizi, mwenye kusema Kirundi nyumbani na rozari isiyotoka shingoni. Alikuwa amewavusha watoto wake kwa dada yake, na sasa alikuwa anarudi peke yake, kwa kuwa muhogo wake ulikuwa umekomaa shambani na hakutaka kuuacha uoze.

"Bantu banakimbia kutoka, na weye unaingia?" aliniuliza. "Juu ya nini?"

Nikamwambia habari ya babu na kigoda. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Vita inakula bantu, na weye uko natafuta kiti! Haya, twende. Sitakuacha ufe na njia haujue."

Njiani alinifundisha. Kwenye bariyeri, yaani vizuizi vya waasi barabarani, tuinue mikono tukiwa bado mbali. Wakipiga ukelele wa "Mai!", yaani maji, nasi tuitikie "Mai!" Tusikimbie, tusigeuke nyuma, tusicheke. Niliyarudia maneno hayo moyoni kama mtoto wa chuoni anayeogopa bakora. Kumbe alikuwa amesahau moja.

Tulivuka mto kwa mtumbwi wa gogo. Katikati ya maji mwenye mtumbwi akaacha kupiga kasia. Mbele yetu viboko walikuwa wamelala majini, masikio tu ndiyo yaliyokuwa yakichezacheza. Nilimnong'oneza Mama Anastazia tunangoja nini. "Tunangoja wao bakubali," akasema. Tukangoja jua likituchoma, maji yakiingia taratibu miguuni, nami nikiwaahidi viboko wale mambo mengi nisiyoyakumbuka tena. Hatimaye wakasogea. Nilipokanyaga udongo wa Kongo nguo zangu zilikuwa zimelowa, na si kwa maji ya mto peke yake.

Kutoka Kiringye kwenda bariyeri

Kiringye palikuwa kimya. Nyumba nyingi hazikuwa na milango, kwa kuwa wenyewe walikimbia vita wakiwa wameibeba kichwani. Mama Anastazia alitupikia bugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, tukala kila mmoja akisikiliza nje. Asubuhi alijitwisha unga kidogo akabadilishe na chumvi Uvira, tukashika barabara ya kusini.

Bariyeri ilikuwa gogo la mgazi, mti wa mawese, lililolazwa barabarani. Wapiganaji wake walikuwa wamevaa vipande vya ngozi kichwani na majani shingoni. Tuliinua mikono. Wakasema "Mai!" nasi tukasema "Mai!" Hadi hapo nilikuwa mwanafunzi hodari.

Mmoja wao akatujia. Nitamwita Byamungu, ingawa si jina lake. Alikuwa mtu wa rika langu, mrefu, macho mekundu, bunduki begani. Sasa nyinyi mnajua salamu yetu. Kwetu mwanamke akimwamkia mtu anayemheshimu hupiga goti, akamshika mikono yote miwili hadi karibu na viwiko, na hamwachi mpaka habari za nyumbani, za watoto na za mashamba ziishe. Nilitaka kumheshimu yule bwana kuliko nilivyowahi kumheshimu mtu yeyote. Nikapiga goti, nikamkamata mikono yote miwili, nikaanza: "Shikamoo baba, hamjambo huku, watoto hawajambo?"

Mikono yake ikawa migumu kama kuni. Wenzake wote walirudi nyuma mara moja.

"Amemugusa!" mmoja akapiga kelele. "Mwanamuke amemugusa!"

Mama Anastazia alijitupa chini, unga ukamwagika. Nikamwachia yule bwana, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Wapiganaji wale walikuwa wameoshwa kwa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, na miiko ya dawa hiyo ilikuwa mikali. Mkubwa wa miiko yote ni kutoguswa na mtu asiyeoshwa, na juu ya yote, kutoguswa na mwanamke. Mimi nilikuwa nimemshika huyu kama anayekamua nguo.

Komanda wao akaja, mtu mfupi aliyevaa koti la mvua juani. "Unatoka wapi?"

"Ujiji, baba."

"Nani alikutuma kuharibisha dawa ya basoda yangu?" akauliza, akiwaonyesha askari wake.

"Sikutumwa na mtu. Nimemsalimia tu."

"Umemusalimia!" Aliwageukia wenzake, hakuna aliyecheka. Lori lilikuwa limekwisha kuwashwa. Askari wa serikali walikuwa wanasogea bondeni na kikosi kilikuwa kinaondoka, na mganga wa kumwosha Byamungu upya alikuwa Uvira. Komanda akaamua. Byamungu ataenda vitani hivyo hivyo alivyo. Akanielekeza kidole, "Akirudia muzima, utapita. Kama harudie, utamufuata."

Byamungu akapanda lori. Aliniangalia mara moja, na katika macho yale sikuona hasira. Niliona mtu anayeogopa kama mimi.

Tulikalishwa kando ya barabara. Mama Anastazia alikuwa akilia na kunigombeza kwa pamoja. "Miye nilifikiri kila muntu anajua! Hata mutoto anajua!"

"Kwetu hakuna vita, Mama Anastazia," nikamwambia.

Mlio wa bunduki ukaanza mbali. Walituletea mahindi ya kuchoma, nikayashika tu. Nimewahi kuwaombea kaka zangu wakiwa ziwani katika dhoruba, lakini sijawahi kumwombea mtu kama nilivyomwombea yule nisiyemjua. Nilimwombea kichwa chake, kifua chake, vidole vya miguu yake. Mama Anastazia naye alikuwa anapitisha rozari, na nadhani kila punje ilikuwa yake Byamungu.

Jua lilipoinama lori likarudi. Walishuka wanaoimba, wakashushwa waliokuwa hawaimbi. Niliangalia kila uso. Hakuwemo. Komanda akanigeukia polepole, akaanza kufungua kifungo cha koti, na mimi nikaanza shahada.

Ndipo Byamungu akatokea kwa miguu, kutoka upande wa shamba la muhogo. Wenzake wakamshangilia, wakamwita mtu wa dawa kali, kwa kuwa ameguswa na mwanamke na risasi bado zimemkataa. Lakini mimi nilikuwa nimeketi chini, usawa wa magoti yake, na magoti yale na tumbo lote lilikuwa na tope, na jani la muhogo lilikuwa limenasa kwenye mkanda. Mtu huyu hakufika vitani. Alijua dawa yake imeharibika, akaruka kutoka kwenye lori na kulala matutani siku nzima. Akaniona ninavyoliangalia lile jani. Nikainamisha kichwa.

"Pita," komanda akasema.

Mama Anastazia alikusanya unga uliobaki. "Chumvi nitakula mwaka kesho," akasema, akageuza njia kurudi Kiringye. Alinikumbatia kwanza, muda mrefu, kisha akaniambia nisimkumbatie mtu mwingine yeyote mpaka nifike kwetu. Nikaendelea peke yangu.

Uvira, sokoni

Niliingia Uvira nikiwa nimejikunja, mikono nimeibana kwapani nisije nikagusa chochote. Mnaweza kucheka. Niliogopa kugusa mlango, kikapu, hata ukuta. Nilidhani kila kitu katika mji ule kina mwiko wake na mimi peke yangu ndiye sijaambiwa.

Nilikuwa nimepanga kwenda ofisi ya mji kuuliza jina la babu katika vitabu vyao vya raia. Ofisi ilikuwa imechomwa. Vitabu vilivyonusurika vilikuwa sokoni, wanawake wakifungia ndagala wa kukaanga, dagaa wa huko. Nikanunua ndagala kwa mama mmoja, nikala huku nasoma karatasi iliyojaa mafuta: majina ya watu, vijiji vyao, kazi zao. Nikanunua tena. Nikaomba anifungie kwa karatasi nyingine. Mama muuza akaweka mikono kiunoni.

"Unakula samaki ao unakula karatasi?"

"Samahani mama. Ninamtafuta fundi seremala wa zamani, mtu wa Ujiji, jina lake Hamisi."

Wanawake wa pande zote wakanigeukia. "Anasema Kiswahili ya radiyo," mmoja akanong'ona. Wakaanza kuvuta vikapu vyao. Katika mji ule, mgeni anayesema kama redio na kusoma majina ya raia sokoni ni jasusi, na mimi mwenyewe ningesema hivyo hivyo. Machozi yakanitoka palepale, mdomo umejaa ndagala.

Nadhani ni machozi hayo yaliyoniokoa. Mama muuza akalainika kidogo. "Jasusi hawezi kulia vile," akawaambia wenzake. Kisha kwangu: "Fundi Mujiji alikufaka zamani. Binti yake iko Kalundu, nyuma ya bandari. Uliza Mama Feza. Na ufunge mudomo yako njiani."

Alikufa. Nililijua moyoni, lakini nilisimama kidogo na kumsomea Fatiha. Na "binti yake" lilinichoma. Basi alipata binti mwingine huko. Nilitembea kuelekea Kalundu nikiwaza nitamwambiaje mama.

Kalundu

Nyumba ilikuwa ndogo, ya matofali, na uwanja wake ulikuwa na mafurushi yaliyofungwa tayari. Mwanamke mnene wa makamo alikuwa mlangoni. Alikuwa na paji la uso la mama yangu. Nikamwamkia kwa mbali, mikono nyuma.

"Ninamtafuta Mama Feza, binti wa Fundi Hamisi."

"Alikufaka. Unataka nini kwa mufu?"

"Natoka Ujiji..."

"Siku hizi kila muntu anatoka mahali." Alikuwa anaufunga mlango.

Hapo mlio ukaja kutoka upande wa ziwa. Ndege ya serikali. Bandari nzima ilipiga kelele, wapagazi wakatupa mizigo, na majirani wakamiminika ndani ya nyumba ile ya matofali wakinisukuma na mimi, wakimwita yule mwanamke Mama Feza; kumbe ni yeye mwenyewe. Ndege ikapita chini sana hata sahani zikalia. Kitu kikapasuka upande wa maji. Nikapapasa nyuma, nikapata kitu cha kukalia ukutani, nikakaa nikafumba macho.

Mlio ulipopotea nilifumbua. Watu wote waliokuwa chumbani walikuwa wananitazama mimi, hakuna aliyekuwa anawaza ndege tena.

"Toka!" Mama Feza akapiga kelele. "Toka pale! Hakuna muntu anaikalaka pale!"

Nilirukia katikati ya chumba. Niliwaza: mwiko mwingine, na safari hii sitapona. Nikaanza kuomba radhi kwa wote, hata kwa ukuta.

Mama Feza alikipangusa kile kiti kwa khanga yake. Kilikuwa kigoda kidogo cha mtoto, cha miguu mitatu, na mguu mmoja ulikuwa wa mti mwingine, mweusi kuliko wenzake.

"Baba alikatazaka," akasema, sauti imeshuka. "Ata mugeni, ata padri. Padri alikujaka siku moja, viti ikapunguka, akasimama. Hii ni kiti ya dada yetu."

"Dada yenu gani?" nikauliza.

"Ya Ujiji. Asha."

Nilifungua khanga kiunoni nikatoa jalada la msahafu. "Asha ni mama yangu. Yu hai. Amenituma."

Alilitazama jalada bila kulishika. Herufi zile hazikumwambia kitu, maana mama yake alikuwa Mkristo wa pale ziwani na watoto walisomeshwa misheni. "Jina inaweza kuibiwa," akasema. "Sema basi, hii muguu ilivunjika aje?"

Hiyo niliisikia tangu utotoni. "Mama alikipanda ili afikie mtungi wa asali uliofichwa juu. Mguu ukavunjika, asali yote ikammwagikia kichwani..."

"...bakamunyoa nywele," akamalizia Mama Feza.

Nilisahau onyo la Mama Anastazia. Nilimshika mikono yote miwili hadi viwikoni, na huyu hakukauka. Alinishika vilevile, jinsi baba yake alivyowafundisha, tukasalimiana salamu yote hadi za mashamba, tukilia, majirani wakituangalia.

Nilimuuliza swali lililonikaa kooni. "Mama mdogo, kama alimpenda hivyo, kwa nini hakurudi?"

"Kila mwaka alisema, hii kiangazi, navuka. Kisha kazi. Kisha sisi tunazaliwa. Kisha haya. Unajua haya? Muntu akikawia sana anaona haya kufika. Mwisho macho yake ikakufa, akawa anapapasa tu ile muguu na kidole."

Nilikigeuza kigoda. Chini, kwa patasi, palikuwa pamechongwa jina la Asha, na herufi ya mwisho ilikuwa imevutwa mkia mrefu hadi ukingoni, sawasawa na kwenye jalada. Mama Feza aliniona nikisoma. Akaenda chumba cha ndani akarudi na kigoda kingine, kilichochakaa kwa kukaliwa.

"Hii ni yangu. Bandugu zangu walikuwa na yao, balikufa nayo ikaisha. Tulifikiri hii ni marembo. Inasema nini?"

Nikasoma. "Inasema: Feza, mdogo wake Asha."

Aliniomba nisome tena. Kisha akakaa chini sakafuni, mtu mzima yule, akakikumbatia.

Kurudi

Nilimsihi tuondoke wote. Hakuweza. Mumewe, mpagazi wa bandarini, alikuwa amechukuliwa na wapiganaji kuwabebea mizigo huko milimani Bijombo, na yeye hakutaka arudi akute nyumba tupu.

"Akifika tu, tunavuka," akasema. "Mbele ya kiangazi kuisha."

Sikulipenda neno hilo, kiangazi. Nadhani hata yeye alilisikia lilivyotoka. Kisha akavifunga vigoda vyote viwili kwa kamba moja. "Beba na yangu. Nikifika, niwe na pa kuikala."

Palipopambazuka alinisindikiza ufukoni, ambako mtumbwi wa mashine ulikuwa unapakia magunia ya ndagala wa kwenda Rumonge, upande wa Burundi. Wapiganaji walikuwa wanakagua. Mmoja akaona vigoda. "Hizi ni kuni nzuri," akasema, akaikamata kamba. Mimi nikaivuta. Mimi, niogopaye kuku! Sikujua nimefanya nini hadi nilipoona uso wake unabadilika. Nikaita maneno ya kuomba msamaha, hayakuja, na mkono wangu ulikataa kuachia.

"Achia."

Aliyesema alikuwa Byamungu, amesimama nyuma ya magunia. Hakunisogelea. "Achia yeye. Ile mama anajua kunyamaza," akasema, akanionyesha mtumbwi kwa mdomo wa bunduki.

Mwenzake akacheka, akaachia. Nikapanda. Nilipogeuka kumpungia mama mdogo mkono, alikuwa amekwisha kujifunika khanga usoni, nami nikaona magoti tu na miguu yake ndani ya maji.

Ziwani ndege ilirudi. Mwenye mtumbwi akazima mashine, sote tukalala juu ya magunia, na mimi nikajilaza juu ya vigoda kana kwamba mgongo wangu unazuia risasi. Ilizunguka ikaenda zake. Harufu ya ndagala haijanitoka mpaka leo, nanyi mmekuwa na adabu ya kutolisema hilo.

Mama nilimkuta hai. Nilimwekea kigoda kitandani. Alikipapasa, mguu wa kwanza, wa pili, akafika kwenye ule mweusi, akasimama hapo kwa kidole.

"Umepona," akasema.

Nilimweleza yote, nikamweleza na padri aliyesimama.

"Hata padri?"

"Hata padri, mama."

Alicheka, na safari hii sikuwa na haja ya kuuliza kama ni kicheko. Siku zilizofuata alianza kuinuka, na sasa mnamwona asubuhi anachambua maharage akiwa amekaa juu ya kigoda kisichomtosha, magoti yamefika kidevuni, na ukimwambia achukue kiti anakutukana.

Kile kingine alikipangusa mwenyewe akakiweka ukutani, karibu na mlango. Kiangazi kimekwisha, Mwanaidi. Mvua zimeanza, redio inasema Uvira bado panapigwa, na kila meli ikitia nanga mama ananituma bandarini, nami ninakwenda, ninaangalia kila paji la uso linaloshuka. Jana alinikuta nakipangusa kile kigoda. Akanipokonya kitambaa akasema kazi hiyo ni yake. Basi ukija tena, shoga yangu, kaa mkekani na sisi. Pale ukutani pana mwenyewe, jina lake limechongwa chini, na hajafika.